Vigae vya Shangazi

Jambo hili la miaka ya tisini bado lanitia haya. Shangazi yangu wa Mji wa Kale alitaka ukumbi wa vigae vyeupe, na katikati ua jeusi. Fundi Charo alinichorea: kigae kimoja, kisha vinne vikikizunguka, na kuendelea hivyo hadi mizunguko mitano. Shangazi akauliza vyeusi vitahitajika vingapi.

Mimi mwalimu wa hesabu nikajibu papo hapo, "Nne mara tano, jumlisha moja. Ishirini na moja."

Shangazi akanunua vyeusi ishirini na vitano, vinne vikiwa vya akiba. Mzunguko wa tatu ulipokamilika, hakikubaki hata kimoja.

"Fundi, vingine umevipeleka wapi?" nikamuuliza, majirani wakisikia.

Charo hakugombana. Alichuchumaa akahesabu kwa kidole. "Mwalimu, mzunguko wa kwanza vinne, wa pili vinane, wa tatu kumi na viwili. Kila ukitoka nje huongezeka."

Nikahesabu mwenyewe; ni kweli. Ua lilikua kwa kipeo cha pili, somo nililolifundisha wiki ileile.

Charo alianza kukusanya zana zake. Natamani angalau angenitukana.

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, na hao watoto wa watu wawasomesha nini?"