Fundi Aliyefunga Redio

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, fundi alikuwa kwenye cherehani akipinda sare za kwaya, na mumewe alikaa kibarazani na redio. Redio ilikuwa ya fundi. Miaka yote alishona akifuata mchezo wa kuigiza wa saa tatu, hata kwenye sala akawa anawaza kisa kimefika wapi. Jumatano ya Majivu alimkabidhi mzee wake redio hiyo. "Kaa nayo mpaka Pasaka. Nataka nimsikie Mungu."

Tangu hapo hakutulia. Alikanyaga cherehani kama anayefukuzwa, akashona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama watoto, umekalia siafu?" mzee alimtania.

"Bora siafu, baba. Wale jivu linawafukuza. Mimi nimepakwa jivu na bado nawashwa."

Asubuhi hiyo ya mwisho, mchezo ulipofika patamu, mzee alisikia cherehani imenyamaza. Alimhurumia, akaongeza sauti kidogo ili naye apate. Cherehani haikulia tena mpaka mchezo ulipoisha. Kisha fundi akatoka, uzi ungali mdomoni, macho yamelowa, akasema neno moja tu, akarudi ndani.

Kesho yake presha ilimpanda, akapelekwa hospitali, hakurudi. Mzee sasa hawezi kukaa mahali pamoja. Anazunguka chumbani na lile neno, na hajapata wa kumwomba radhi:

"Siku ishirini na mbili namwomba Mungu aseme nami, na leo alipotaka kuanza, wewe ukamkata kauli."