Mikato Mitatu ya Hamira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamke aliyefunga kitambaa cheupe kichwani anashika wembe kwa mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja. Mbele yake kuna donge moja la unga lililoumuka, limekaa peke yake kwenye trei. Waokaji wenzake wanamtazama kwa pembeni. Wanajifanya wanapangusa meza ambazo tayari ni safi.

Anakata. Mkato wa kwanza unapita vizuri. Wa pili unakwama katikati, unga unavutika kama kitambaa, donge linanywea upande mmoja. Wa tatu anaupitisha hivyo hivyo.

"Hamira," anasema mwokaji wa meza ya jirani, "huyo umemnyoa au umempiga?"

"Nimemnyoa," anajibu, huku akilisukuma donge tanurini. "Na kesho nafungua kibanda cha kinyozi tena."

Hamira si jina lake. Amepewa na wenzake, kwa sababu, wanasema, hata asubuhi ambayo kila mtu amenuna, akiingia yeye watu wanaanza kuinuka kidogo kidogo. Ana miaka arobaini na mbili, na kazi hii ameifanya tangu akiwa msichana.

Miezi mitano iliyopita alianguka humu humu ndani, kando ya magunia ya unga. Kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukafuata. Mkono wa kulia ndio ulibaki nyuma.

Katika bekari hii kila mwokaji ana mkato wake juu ya mkate. Kuna anayekata msalaba, kuna anayekata mmoja mrefu. Wa Hamira ni mitatu, imelalia kulia. Mteja akifika dirishani hasemi nipe mkate, anasema nipe ule wa mitatu. Na unga ulioumuka haubembelezwi: mkono ukisita, hewa inatoka, mkate unaiva bapa.

Kwa sasa Hamira anafunga mikate kwenye mifuko, kwa nusu ya ujira wake wa zamani. Msimamizi amemruhusu kujaribu donge moja kila asubuhi, na analokata anakwenda nalo nyumbani.

"Nampenda kama dada yangu," anasema msimamizi. "Lakini meza yake haiwezi kukaa tupu. Siku akitoa mikato mitatu safi, anarudi. Mwezi ukiisha kabla, naweka mtu mwingine."

Mwezi unaisha wiki ijayo.

Sasa, mtu anajiuliza: huyu mama anapata wapi moyo wa kucheka? Na kicheko hicho kinamsaidia nini, au ni cha kuwafariji wanaomtazama?

Swali hilo tulimpelekea mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia.

"Matumaini hayanyooshi kidole hata kimoja," alisema. "Kinachonyoosha kidole ni mazoezi. Ila mgonjwa asiyetarajia lolote haji kwenye mazoezi. Mama huyu hajakosa hata mara moja."

Kisha akatueleza habari za dereva mmoja aliyeugua wiki ile ile. "Naye anasema atapona tu. Ana matumaini kumshinda Hamira. Lakini amekaa nayo nyumbani, na dawa ameacha."

Hapo ndipo watu wanapokosea, jamani. Kusema yataisha, halafu ukajilaza kusubiri yaishe, huko ni kujidanganya kwa sauti ya upole.

Nyumbani Hamira anaishi na mama yake mzazi, katika vyumba viwili vyenye sakafu inayong'aa kwa kusuguliwa. Mama huyo haogopi kusema aliyoyafanya.

"Nilimlisha kwa kijiko. Nilimfunga vifungo. Niliona akishika kikombe kitaanguka, na kikianguka atalia, na akilia presha itapanda tena. Basi nikashika mimi kila kitu. Kumbe mkono unalala."

Mtaalamu alimkemea, akaacha kijiko. Hofu hakuiacha. Siku moja akamfuata yule mwokaji wa meza ya jirani, akamwomba akate mkate mzuri kwa alama ya Hamira na kuuingiza kwenye mfuko wake badala ya ule ulioharibika.

"Nilitaka alale na furaha japo siku moja," anasema. "Alipoufungua mezani nikamwambia, ona mwanangu, umetoka. Akaugeuza, akaugeuza. Akasema, mama, mikato hii imelalia kushoto."

Alikasirika?

"Afadhali angekasirika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, na wangu uko wapi?"

Wake, yule mwokaji wa meza ya jirani alikuwa ameshaula na chai.

Tulipomuuliza Hamira, kicheko kilipungua kidogo. "Ule ndio mkate pekee ambao sijui niliukosea wapi. Hii mingine naitazama. Naona hapa wembe ulilala, hapa niliinua kiwiko. Nautazama kwa sababu najua kuna siku utatoka. Ningejua hautatoka, ningeutazama wa nini?"

Mzazi mwenzangu unayesoma haya, angalia sana. Tunadhani anayeona mema mbele ni yule asiyetaka kuona ubaya. Huyu anaukagua kila asubuhi, anauweka mezani, anaupaka siagi. Ukimficha mkate wake mbaya kwa kumhurumia, umemnyang'anya kitu cha kufanyia kazi kesho. Na usimfundishe mwanao kuogopa kikombe kabla hakijaanguka. Akishajifunza, hata kukishika atakataa.

Na mwezi ukiisha mikato haijatoka?

"Nitafunga mifuko," anasema Hamira. "Na nitaomba donge langu kila asubuhi. Bosi amesema ataweka mtu mezani. Hajasema ataninyima donge." Mkono ukikaa sawa, anataka kumwomba mtaalamu nafasi ya kuwafundisha wagonjwa wenzake kukanda unga. "Ule mpira wa mazoezi wanaotupatia tuuminye unachosha. Unga ukiuminya, unakuminya na wewe."

Saa ya chakula nyumbani, mkate wa leo uko kwenye sahani, upande mmoja umevimba, mwingine umelala. Mama anachukua kisu kwa mazoea. Anakitazama. Anakiweka chini, karibu na mkono wa kulia wa binti yake, kisha anakalia viganja vyake viwili kwenye kiti.

Hamira anakata. Kisu kinakwenda upande, kinarudi, makombo yanaruka hadi sakafuni. Kipande kinachotoka ni kinene huku, chembamba kule. Mabega ya mama yamempanda hadi masikioni.

"Haya, mama, toa mikono upokee," anasema Hamira. "Hiki kinene ni chako."