Tope la Jezi ya Primo

Sufu iliyolowa ina harufu ya mnyama aliyenyeshewa akakosa pa kuingia. Juzi niliikuta ndani ya treni ya kutoka Blacktown. Bibi mmoja aliketi mbele yangu, sweta lake limelowa chapachapa, na kabla hatujafika stesheni iliyofuata uso wangu ulikuwa unawaka. Aibu ilitangulia. Kumbukumbu ilifuata nyuma, taratibu, kama mtu aliyeachiwa mizigo.

Mwaka ule wa kufungiwa ndani, ugonjwa ulipoenea dunia nzima, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Smithfield, nyuma ya maghala, katika nyumba ya kupanga ambayo ua wake wa mbao ulitutenganisha na Mzee Nello. Baba alipakia makasha ghalani. Mama aliogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi zao hazikufanyika kwenye kompyuta, basi wao walitoka, nami nilibaki mezani na darasa langu ndani ya skrini. Helikopta ya polisi ilipozunguka juu ya mapaa, Mzee Nello aliivulia kofia kama anayesalimia timu ngeni.

Baba alikuwa kipa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, huko nilikozaliwa, na Mzee Nello alikuwa mjukuu wa kipa. Watu wawili wa golini wakikutana uani, chakula hupoa.

"Kipa!" Mzee Nello angeita kila jioni. "Toka nje, nikufundishe kazi."

Baba angetoka na sahani yake mkononi.

Babu yake Mzee Nello aliitwa Primo. Aliishi mji mdogo wa kaskazini mwa Italia wenye kiwanda cha nyuzi za sufu, siku ambazo kandanda ilikuwa bado mchezo wa mafundi wa Kiingereza waliokuja kufunga mitambo. Wenyeji walisimama pembeni wakicheka, mpaka siku moja wachezaji wakapungua na Primo akaitwa golini. Sababu ilikuwa moja: kiwandani alidaka mabunda ya nyuzi yaliyorushwa kutoka ghorofa ya juu, na hakuna aliyewahi kumwona akiangusha. Dada yake akamfumia jezi nzito ya rangi ya krimu. Akacheza miaka mingi, mikono mitupu, kofia kichwani, kwa mpira wa ngozi ambao mvua ikinyesha ulikuwa mzito kama jiwe na kamba zake zilichana mapaji ya nyuso. Timu ilisafiri daraja la tatu ikiwa imebeba hadi miti ya goli. Sheria za enzi zile zilimruhusu kipa kuushika mpira mpaka karibu na katikati ya uwanja, na Primo, kwa maneno ya mjukuu wake, alikuwa akienda nao matembezi.

Kisha ikaja mechi ya kutafuta bingwa wa wilaya, iliyochezwa kwenye tope. Primo alidaka mchana kutwa, akiukumbatia kila mpira kifuani. Karibu na filimbi ya mwisho, shuti dhaifu, la kitoto, likamponyoka mikononi na kupita katikati ya miguu. Kazi yake yote ikaishia hapo. Hata uzeeni, watu waliopishana naye sokoni walifungua viganja viwili hewani, wakacheka. Hakurudi uwanjani tena, na jezi hakuruhusu ifuliwe.

"Kwa sababu hili," Mzee Nello alituambia, akiligusa baka la kahawia lililoenea kifuani mwa jezi, "ni mipira aliyoidaka. Ule mmoja uliompita haukuacha alama."

Mama yake Mzee Nello alivuka bahari kuja huku na jezi ile, akaitunza chini ya paa la bati la bweni la wahamiaji kule Villawood, na haikuguswa na maji. Sasa ilikaa juu ya kiti kando ya kitanda cha Mzee Nello.

Mwalimu alipotutaka kila mmoja aonyeshe kitu kikongwe kwenye skrini, nilijua cha kuomba. Mzee Nello aliitia jezi ndani ya foronya, akaipitisha juu ya ua kwa mpini wa ufagio, maana kukaribiana kulikatazwa.

"Kesho irudi," alisema. "Bila Primo sipati usingizi. Anakoroma vizuri kuliko marehemu mke wangu."

Jioni ile nilimweleza Mama habari yote, yeye akiuliza kwa Kiswahili, mimi nikijibu kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kawaida yetu.

"Kwa hiyo tope hili ndilo ushahidi wake," alisema. Akaikunja jezi kwa mikono miwili, polepole, akairudisha kwenye foronya.

Asubuhi niliamshwa na harufu. Mama alikuwa kwenye chumba cha kufulia, mvuke umemfunika mpaka mabegani, anamimina birika la maji ya moto juu ya beseni. Maji yalikuwa ya kahawia na yalinuka dawa ya kuua viini. Jezi aliyoitoa humo ilikuwa nyeupe, ngumu, imenywea ikawa ya mtoto.

"Mama! Umefanya nini?"

"Usikaribie," alisema bila kugeuka. "Nenda kamwite baba yako."

Kwetu Burundi huendi kuomba msamaha mikono mitupu, bia hutangulia. Baba alizipanga chupa juu ya ua, moja moja, kisha akaikabidhi jezi. Mama hakusogea. Alisimama mbali, nyuma ya kamba ya nguo, barakoa imembana usoni. Mzee Nello aliinyosha jezi kifuani pake, akaigeuza, akaigeuza tena. Alikuwa anatafuta.

"Liko wapi?" aliuliza, akimgeukia Mama. "Sinyora, liko wapi?"

Mama akaunganisha viganja, akainama.

"Nisamehe, Mzee wangu. Sikujua."

Nilimtazama Baba. Naye alitazama viatu vyake. Mama alijua; nilimwambia kwa kinywa changu, na maneno aliyonijibu yalikuwa bado masikioni mwangu. Nilitamani ardhi inimeze. Sikuweza kuamua kipi kibaya zaidi: kuwa na mama asiyejua kufua sufu, au mama anayemdanganya mzee wa watu mchana kweupe. Mzee Nello aliingia ndani na kuziacha bia pale pale juani.

Siku zilizofuata Mama hakwenda kazini. Alisema amepewa likizo. Alilala kwenye chumba cha kufulia, akala peke yake kwa sahani yake, akatusemesha kupitia mlango. Nikajua anajificha kwa aibu, na moyoni niliona anastahili.

Mzee Nello hakuita tena "Kipa!" mpaka majira ya joto, watu waliporuhusiwa kutoka na mageti yakafunguliwa. Siku hiyo aliniita mimi, akanipa foronya.

"Chukua. Mimi hainitoshi hata mkono mmoja. Primo alikuwa mfupi tangu zamani, lakini mama yako amemmaliza kabisa." Alijaribu kucheka. Mwaka uliofuata alihamia kwa binti yake mji mwingine, akafia huko.

Niliposhuka kwenye ile treni juzi nilikwenda moja kwa moja kwa wazazi wangu. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimuuliza kwa Kiswahili kwa nini alisema hakujua, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aweke kisu chini.

"Nilijua," alisema. "Nilijua lile tope ni nini. Lakini alfajiri ile walinipigia simu kutoka kazini. Bibi niliyemwogesha siku iliyotangulia alikuwa nao ugonjwa. Na jezi nilikuwa nimeikunja mimi, kwa mikono hii, na mzee analala nayo puani. Kambini, kipindupindu kilipoingia, tulichemsha kila kitu. Sikujua sufu inanywea. Hilo tu ndilo sikulijua."

"Ungemwambia."

"Nimwambie mzee wa miaka ile, anayeishi peke yake, kwamba kifo kimelala kwetu usiku mmoja kisha nimemrudishia kitandani? Asingelala tena. Heri anione mjinga."

"Na vipimo?"

Alicheka kidogo, bila furaha. "Sikuwa na ugonjwa. Niliifua bure."

Baba, ambaye nilidhani anasinzia kwenye kochi, alifungua macho. "Kipa hangoji ajue kama mpira unaingia au unatoka nje," alisema. "Anaruka." Akayafumba tena.

Jezi iko kwangu, ndani ya foronya ile ile. Jana usiku niliitoa, nikaikunja mezani kwa mikono miwili kama alivyofanya Mama. Kifuani ni nyeupe kabisa. Mzee Nello alikufa akiamini kwamba jirani yake hakujua alichokifuta, nami, niliyejua kwamba amejua, nilisimama uani siku ile nikimwonea haya mama yangu, wakati yeye, kama kipa aliyeruka, alikuwa bado hewani.