Kiko cha Dani Kilivyooshwa kwa Sabuni

Mwanamume niliyekuwa karibu kuolewa naye aliosha kiko cha bibi yake kwa sabuni ya unga. Naanza hapo kwa sababu hata leo nikikumbuka, kicheko hunishika kabla sijafika katikati, na afadhali aibu yenyewe itangulie.

Bibi huyo, ambaye sote tulimwita dani kama Wajaluo wanavyoita bibi zao, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufa. Alitoka ziwani akaja kukaa naye Lindi, mtaa wa mabanda hapa jijini, kwenye chumba chake cha mabati, kwa kazi moja tu: Jumamosi afike kwetu Kawangware, akae mbele ya mama yangu, aseme kwamba wamekuja kuomba mchumba. Bila neno lake hakuna mjomba wa upande wao ambaye angefungua mdomo. Tulikuwa tumeshapanga kila kitu, hata viti vya kuazima kanisani.

Basi Jumatano mjukuu akataka kumfurahisha. Dani alikuwa amejilaza baada ya chakula. Kiko chake cha udongo kilikuwa mezani, ndani cheusi, kimeshika ukoko kama sufuria ya ugali. Mwanamume wangu ni fundi wa rangi, na akiona kitu kichafu mikono inamwasha. Akachukua waya wa kusugulia sufuria, sabuni na maji moto, akasugua mpaka udongo ukarudi rangi ya chungu kipya. Akakirudisha mezani kwa maringo na kusubiri kusifiwa.

Dani aliamka, akajaza, akawasha, akavuta. Nasikia alikitoa mdomoni, akasema anavuta shuka iliyotoka kufuliwa.

Wenye viko wanajua kwamba ule ukoko hauoshwi. Unakinga udongo usiungue na unashika utamu wa tumbako zote zilizopita. Ukizidi unakwanguliwa kidogo kwa kijiti, basi. Lakini nani angemwambia hayo mtu ambaye hajawahi kuvuta hata sigara? Na dani, alipotafuta wa kulaumiwa, hakumwona mjukuu wake kipenzi. Aliniona mimi. Usafi wa namna hiyo, alisema, lazima ametiwa kichwani na yule msichana wa Kitui. Yeye Jumapili anapanda basi kurudi ziwani, na mdomo wake ataufunga tangu sasa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Lindi kuomba msamaha wa kosa ambalo sikulifanya. Ilikuwa masika, mvua haikatiki. Nilimkuta dani mlangoni anavuta sigara, na ile ncha inayowaka iko ndani ya mdomo. Nilikuwa nimesikia kwamba wanawake wazee wa ziwani huvuta hivyo ili upepo na mvua zisiwazimie moto, lakini wakati ule hata sikukumbuka. Nilidhani hasira zimemfanya akosee upande. Nikamrukia, nikamshika mkono kumwokoa.

Aliitoa taratibu, bado inawaka, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe nyar Kitui," akasema, yaani binti wa Kitui, "kiko umeharibu. Sasa unataka na sigara?"

Nilijiuma ulimi lakini kicheko kilitoka kwa pua. Nilicheka mbele ya mtu niliyekwenda kumwangukia, na nilipomaliza nikajisikia nikimwambia anipe kile kiko na tumbako yake, Jumamosi nitavirudisha vikiwa sawa. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Alinipa. Nadhani alitaka tu niondoke mlangoni pake.

Sasa, mimi ni mtoto wa ugoro. Mama yangu anasaga ugoro na kuuuza Kawangware, na chumba chetu upande wa Riruta kina harufu ya tumbako mpaka kwenye blanketi. Nilidhani hiyo inatosha. Kiko chenyewe hakikutusumbua sana. Tulikiloweka kwenye maji safi, tukabadilisha maji mpaka harufu ya sabuni ikaisha, kisha mama akakiweka kwenye rafu mbali na jiko, kwa sababu udongo uliolowa ukipata moto wa ghafla unapasuka. Kilikauka polepole, nami nikikichungulia kila nilipopita.

Tumbako ndiyo ilitutoa jasho. Chumba cha mabati wakati wa mvua kinalia maji kuta zote, na tumbako ya dani ilikuwa imeyanywa mpaka ikalegea kama sukuma wiki iliyochemshwa. Ukiifinya inabaki donge. Ikiwa hivyo haiwaki vizuri. Inachemka ndani ya kiko, inazimika, na inakuletea maji machungu mdomoni. Nilimwambia mama ikaushwe kidogo. Mama alisikia "ikaushwe", basi. Mikono yake inajua tumbako ya kunusa peke yake, na hiyo hukaushwa mpaka ipeperuke na upepo. Niligeuka kutafuta gazeti la kuianikia, nikarudi nikakuta ameshaimwaga kwenye kikaango motoni, imekauka mpaka inakatika, na mkono wake uko ndani ya mkebe wa magadi ya kuchanganyia ugoro.

Nilimdaka kiganja hewani. Nikamwambia hii ni ya kuvutwa, si ya kunusa.

"Kwani hivyo vitu haviendi mahali pamoja?" akauliza.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Halafu tukakumbuka dani na basi la Jumapili, tukaacha kucheka. Tumbako kavu namna ile inawaka kama karatasi na kuuma ulimi. Tuliitia kwenye mkebe wa majani ya chai pamoja na kipande cha kiazi kibichi, tukafunga. Kiazi kiliitoa kiu polepole. Ijumaa mchana niliifinya, nikaachia, ikafunguka yenyewe vidoleni. Nilibusu mkebe.

Ulibaki ukoko. Huo hauna njia ya mkato. Lazima mtu avute. Mama alikataa, eti yeye ni mtu wa kanisa, na ugoro ni dawa. Kwa hiyo mwoshaji mwenyewe akaitwa aje Riruta. Tulipaka asali nyembamba ndani ya kiko, tukajaza nusu, tukavuta kwa zamu, mimi na yeye, mlango wazi, mvua ikipiga nje. Kiko cha kwanza tulikohoa. Cha pili, mwanamume wangu aliomba radhi kwa kigoda alichokikanyaga. Cha tatu, alilala sakafuni akaniarifu kwa upole kwamba dari linatembea kuelekea kwake Lindi. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa meza kwa mikono miwili, nachekea kila kitu, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye wakati ule, akiwa na rangi ya majivu. Kisha tukatoka nje kwa haraka, tukatapika kila mmoja upande wake. Ndani ya kiko palikuwa na utando mweusi, mwembamba kama karatasi.

Jumamosi dani alikuja. Alikaa, akasalimia, akanyamaza. Wajomba wa upande wao walimtazama, wazee wetu wakatazama sakafu. Nilimpelekea kiko kikiwa kimejazwa, na kaa la moto kwenye kijiko. Akavuta. Moshi ukakaa sana kifuani mwake.

"Hiki si kiko changu," akasema. "Ukoko wa humu ulianzishwa na mzee wangu. Tangu afe nimekuwa nikivuta juu yake."

Mwanamume wangu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ule ukoko alioukwangua kwa waya ulikuwa wa babu yake.

"Na huu?" dani akaniuliza. "Ni wa nani?"

"Ni wetu, dani. Tuliuvuta sisi wawili. Tukatapika."

Alinitazama. Akamtazama mjukuu wake. Mabega yalianza kutikisika kabla uso haujakubali, kisha akavuta tena, mara hii kwa kutulia.

"Nitauzoea," akasema, akamgeukia mama yangu. "Mama, tumekuja kuomba huyu msichana. Kijana wangu anahitaji mtu wa kumshika mkono akiona sabuni."

Mama alipiga kigelegele kabla wazee hawajaulizwa, jambo ambalo halifanywi, nami nikacheka na kulia pamoja mbele ya watu wote.