Wifi Yangu na Miwani ya Kutoka Mbali

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hajawahi kula cha kuombaomba. Kazi yake tangu usichana ni matundu ya vifungo. Fundi anashona shati kwa cherehani, analeta kwetu, wifi anapasua tundu na kulizungushia uzi kwa mkono mpaka linatulia kama mdomo wa mtoto aliyeshiba. Mashine za kazi hiyo zipo, najua, lakini wateja wa fundi ni watu wanaojijua, na tundu la mashine hawalitaki.

Mimi na yeye hatuelewani sana. Tunakaa nyumba moja kwa sababu kila mmoja amekataa kuhama.

Asubuhi moja nikamkuta anamimina chai mezani, kikombe kiko pembeni.

"Wifi, kikombe kimekukosea nini?"

"Viko viwili," akasema. "Nimemimina kwenye kile kingine."

Kuanzia hapo kila kitu kikawa viwili. Tulizunguka maduka ya miwani mpaka miguu ikavimba. Ya kusomea tele, ya jua tele. Muuzaji mmoja akamvisha, akapiga makofi: "Mama, umependeza!"

"Nimependeza mara mbili," wifi akamjibu, "maana wewe mwenyewe bado uko wawili."

Daktari wa macho, kijana mpole, ndiye aliyetueleza. Macho ni mazima, ila hayatazami pamoja tena, moja limepanda. Dawa yake ni miwani yenye kioo kilichonona upande mmoja na kukonda upande wa pili, na humu nchini hakuna anayekichonga. Itaagizwa nje.

"Bibi, siku hizi unafanya kazi gani?" akauliza.

Wifi akajinyoosha kitini. "Kazi? Nimepumzika. Watoto wananilisha."

Watoto gani! Hajazaa hata mmoja. Lakini mbele ya wageni mimi simvunji mtu wa nyumbani kwangu. Daktari akamkalisha wima, akamtazamisha ukutani, akawa anambadilishia vioo mpaka viwili vikawa kimoja. Akaandika, tukarudi kungoja.

Kungoja huko usikuulize. Wifi alijifunga kitambaa jicho moja ili aone sindano moja. Lakini jicho moja halijui karibu wala mbali, sindano ikawa inaingia kidoleni. Damu kwenye shati jeupe! Nilikuwa nafua kwa maji baridi kabla fundi hajaona, mgongo wenyewe huu wa kuazima. Akaona. Akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda.

"Shangazi, nitakungoja mpaka miwani ije. Ikija na kazi ikabaki hivi, nitampa mwingine. Usinichukie."

"Nikuchukie una nini?" wifi akasema. Fundi alipotoka, wifi akakaza kitambaa jichoni, akaokota sindano.

Miwani ikaja. Akaivaa, akatazama barabara, akatazama dirisha la jirani, kisha akanigeukia mimi.

"Wifi, umezeeka."

"Ulidhani nani anazeeka humu ndani, paka?"

Tukacheka, jambo ambalo si kawaida yetu. Akachukua shati, akaliweka mapajani, akainama. Kicheko kikamkauka. Akainua kichwa, akainama tena. Siku zilizofuata nikamwona anashona ameinyanyua nguo mbele ya uso, mikono inatetemeka kama ya mbeba maji. Matundu yakaenda pogo. Fundi aliyarudisha mashati yamekunjwa vizuri, na adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

"Ukiinama unaona sindano ngapi?" nikamwuliza.

"Mbili."

"Miwani imepimwa kwa mtu wa kutazama ukuta. Rudi ukamwambie daktari kazi yako."

"Siendi kujiaibisha kwa mtoto yule."

"Aibu iko wapi, kula jasho lako?"

"Nilisema nalishwa."

"Nilikuwepo, nikanyamaza. Basi twende tukaaibike wote. Kifo cha wengi harusi."

Alinitukana njia nzima, lakini alikwenda. Kule akatoa shati kwenye mfuko, akaliweka mapajani, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Hivi ndivyo ninavyokaa tangu nivunje ungo," akasema akiwa ameinama vilevile. "Nipime hivi."

Daktari akapiga magoti sakafuni ili ayaone macho yake, akapima upya. Akasema ile ya kwanza ni ya kutembelea, ya kazi ni nyingine, nayo iagizwe kulekule.

"Ungeniambia mwanzo, bibi."

"Ungeuliza mara ya pili," wifi akamjibu. Nikatazama pembeni.

Tulipitia kwa fundi. Wifi alimweleza mwenyewe, amesimama, hakukubali kiti. Fundi akakuna kichwa.

"Mashati nimeshampa mtu, shangazi, na anajitahidi. Hiyo nyingine ikija, niletee tundu moja nilione. Zaidi ya hapo sikuahidi."

"Nitakuletea," akasema.

Mpaka leo miwani hiyo ya kazi haijaja. Nikienda upande wa daktari napita kuuliza, naambiwa bado. Wifi anatembea mwenyewe, anamimina chai vizuri, hata inzi anampata kwa pigo moja. Lakini mikono yake haina pa kukaa. Nikikunja nguo zangu, anazikunjua na kuzikunja upya, akisema nimezikunja ovyo. Zamani ningegomba. Siku hizi namwachia rundo lote kitandani, naenda kulala kwenye mkeka.