Vidole Viwili Mezani

Mchumba wa mwanangu ndiye aliyechagua mahali: duka la chai la Kichina kule Bankstown, mtaa mmoja wa huku ughaibuni tunakoishi, ili wazazi wake na mimi tuonane kwa mara ya kwanza. Mwanangu alinibembeleza njia nzima kwenye treni nisinune. Nikamwambia sinuni, sura yangu ndivyo ilivyo. Ukweli ni kwamba nilikwenda kukagua. Harusi ilisubiri neno langu, na nilikuwa sijalitoa.

Baba wa binti alitumiminia yeye mwenyewe. Chai ya kwanza akaimwaga yote kwenye sinia la mbao, nikashtuka, kumbe ni ya kuosha majani. Ya pili ikaja kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa, haina sukari wala maziwa, nikainywa kwa adabu. Lakini kila alipomjazia mkewe, yule mama hakusema kitu. Aligonga meza kwa vidole viwili, ko ko, akaendelea kuzungumza na binti yake.

Moyo ukanichemka. Marehemu baba mkwe wangu aliniita hivyohivyo. Kidole mezani, nami naacha sufuria jikoni nakimbia na birika, hata nikiwa na mimba kubwa. Sasa namwona mume mzima, mwenye mvi, anagongewa meza mbele ya wageni. Nikajua zamu ya mwanangu inakuja.

Nikamwambia mwanangu kwa Kiswahili, bila hata kupunguza sauti, maana nani pale angeelewa?

"Umeona mama mtu anavyomgongea mumewe meza, kama mtumishi? Na huyu binti kajifunza hapohapo. Utagongewa mpaka uzeeke."

"Mum, please," akasema mwanangu, macho kwenye kikombe.

Binti alitua chake. Akasema taratibu, neno mojamoja, "Mama, ile siyo kuita. Ile ni asante. Kwetu, mtu akikumiminia chai, unasema asante na vidole."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Baba yake akauliza nimesema nini. Binti akamjibu kwa Kichina, maneno machache tu, na wazazi wote wawili wakanigeukia wakicheka kwa furaha. Baba akanijazia tena. Mpaka leo sijui aliwaambia nini. Nilikuwa nimemvua nguo mama yake mbele ya watu, na yeye akanisitiri.

Kituoni nikamuuliza mwanangu tangu lini binti yule anajua Kiswahili.

"Amejifunza kwa ajili yako, Mum," akasema bila kuniangalia. "Asubuhi yote ali-practise shikamoo. Halafu wewe ukaingia na 'hello, darling', ukakaa."

 Wiki nzima nilikuwa nikiwalalamikia kina mama wenzangu wa kanisani kwamba naletewa mkwe ambaye hata kusalimia wakubwa hajui.