Namba Nyuma ya Vigae

Miezi minne Jeannine alikanda udongo katika karakana ya Fordsburg, akakata vigae, akavichora samaki na matete ya ziwa kama alivyoyajua kwao Uvira, akavichoma tanurini mara mbili. Vigae mia na ishirini, vya ukuta wa chemchemi kwenye jengo la ofisi huko Randburg. Binti yake Héritière alijifunza kutambaa chini ya meza yake ya kazi.

Asubuhi ya kuvibandika alifika getini, mtoto mgongoni. Mlinzi Octave, Mkongo mwenzake, alipitisha kidole kwenye karatasi.

"Mama Héritière, jina lako halimo. Kuna la bosi wako na la fundi Égide, basi."

"Papa Octave, tunasali kanisa moja. Unajua hii kazi ni yangu."

"Kanisani nitakupa kiti. Hapa wamenipa karatasi."

Bosi hakushika simu. Ndiye aliyepeleka majina, na hakuona haja ya kuandika la mwanamke anayechafuka udongo. Jeannine aliketi ukingoni mwa barabara akamnyonyesha mtoto.

Kupitia nondo za geti alimwona Égide, fundi wa Kirundi, akipaka gundi na kupanga safu ya chini. Halafu akaona samaki wake ana mkia mbele ya mdomo.

Alijua palepale. Yeye huandika namba nyuma ya vigae, safu ikiwa imelazwa kifudifudi mezani. Ukiigeuza, namba moja inaangukia kulia. Égide, kama fundi yeyote, alianzia kushoto. Na gundi ile ikishakauka ni nyundo tu.

Alimwita. Mashine ya kukata mawe ilikuwa inapiga kelele. Égide akampungia mkono, akaendelea.

Jeannine akamfunga mtoto vizuri, akainama, akapita chini ya kizuizi cha magari kando ya geti.

"Mama, watanifukuza kazi," Octave akasema.

"Basi nisindikize. Nishike mkono kama mwizi."

Octave akamshika kweli. Wakavuka uwanja hivyo, watu wa ofisi wakitazama.

"Umekamatwa?" Égide akauliza.

"Ndiyo. Lete mwiko. Umeanzia upande usio wake."

Akapiga magoti, akaanza kubandua. Kigae cha nane kilivunjika mkononi mwake, akakiweka kando. Alikuwa kwenye cha kumi na moja bosi alipotokea na wageni watatu waliovaa suti.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Niulize nani aliniacha nje."

Bosi akawachekea wageni kidogo. "Huyu msichana hunisaidia karakanani."

Jeannine akasimama, gundi hadi viwikoni. Kiingereza chake cha kuungaunga kilimtosha. "Nimevitengeneza mimi. Vyote. Chagueni chochote humo sandukuni, nitawaambia namba yake."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akatoa kigae chenye jicho la samaki, akakikumbatia kifuani, namba ya nyuma isionekane.

"Sabini na tatu."

Mama yule akakigeuza, akasoma, akamwonyesha bosi. Bosi akakohoa.

"Sasa nani ataniambia hiki kinakaa wapi?" mama yule akauliza, lakini hakumtazama bosi.

"Safu ya saba, cha kwanza, ukianzia kulia," Jeannine akajibu, akapiga magoti tena. Gundi ilikuwa haingoji mtu. Octave akabaki amesimama kando yake, akimwonyesha Héritière kofia yake ya ulinzi.